Taifa Lisilo na Mfano Chini ya Jua

Wexley, Vermont
14 Machi 2026

Mdogo wangu Roland,

Pokea salamu zangu ukiwa mlangoni, kisha uingie, uketi, uzipokee tena, maana safari hii nina mengi na sitaki uyasome umesimama na koti mwilini. Natumaini kifua chako kimetulia baada ya baridi hii ndefu, na kwamba wifi yangu Odile bado anakuficha sigara mahali usipoweza kuzipata. Wasalimie watoto na wajukuu, hasa yule mdogo aliyeniandikia kwa Kifaransa akidhani sikijui. Mwambie nimemsahihisha makosa yake na nimembusu kwa kila kosa.

Mimi, ukitaka kujua, nipo. Sisemi ni mzima, nasema nipo. Daktari aliniambia mwezi uliopita kwamba mlango mmoja wa moyo wangu umechoka kufunga, na kwa umri wa miaka themanini na minane hashauri mtu anipasue. Nikamjibu kwamba sikuwa nimemwomba. Nilipomuuliza nimebakiwa na muda gani, alitazama dirishani akasema nitaiona theluji ikiyeyuka, kisha akaanza kunihubiria habari ya chumvi katika chakula. Nakuambia haya mapema ili ujue kwamba hasira utakayoikuta humu si ya mtu mwenye nafasi ya kuandika barua nyingine ya kuomba radhi.

Barua yako ya Krismasi naijua kwa moyo. Uliandika kwamba umesikia hali yangu na kwamba uko tayari kuja Wexley. Wewe, Roland, ambaye hujavuka mpaka huu tangu mwaka wa sitini na nane, hata tulipomzika Baba, hata tulipomzika Mama, ingawa msamaha kwa vijana wote waliokataa kwenda vitani ulitoka mwaka wa sabini na saba, na ingawa kutoka kwako Sherbrooke, huko Kanada, hadi mlangoni pangu mtu anaweza kuendesha gari bila kusimama kujisaidia. Nililia nilipoisoma. Kisha nikageuza ukurasa nikakuta sharti. Ulikuwa umeisoma habari ya lile jiwe la ukumbusho katika gazeti nililokutumia, ukaandika: “Wakilisimamisha hilo, Dada, usinitegemee. Sitapita mbele ya uongo uliochongwa.” Nami, kwa haraka ya mgonjwa, nikakujibu kwamba nitaliangusha katika mkutano wa mji, na kwamba wewe anza kutafuta viatu vya matope.

Mkutano umepita. Kaa vizuri.

Mwenye jiwe, kama ulivyoona gazetini, ni Hollis Peck. Ni Hollis yuleyule aliyelala chumbani mwako nusu ya utoto wake, akakojolea godoro lako na nyinyi wawili mkamsingizia mbwa. Alikwenda vitani mwezi uleule ulipokwenda Kanada. Alirudi na goti lisilokunjika, na tangu hapo hajalitaja jina lako mbele yangu hata mara moja. Lakini kila theluji ikianguka huja na pikapu yake kunisafishia njia kabla hajasafisha ya kwake. Sijui kama hiyo ni heshima au ni matusi. Nimeishi nayo.

Nchi inatimiza miaka mia mbili na hamsini mwezi wa Julai, na kila mji unatafuta namna ya kujipigia makofi. Hollis alikata jiwe katika machimbo ya babu zake, akalisugua mwenyewe majira yote ya vuli, akalileta nyuma ya kanisa likiwa limefunikwa turubai. Ni refu kama mtu. Hakutaka malipo. Alichotaka ni ruhusa ya kulisimamisha katikati ya uwanja wa mji likiwa na maneno haya: TAIFA LISILO NA MFANO CHINI YA JUA. Na kwa kuwa uwanja ni wa wote, lazima wote waulizwe.

Basi Jumanne ya kwanza ya Machi tulikusanyika katika ukumbi wa michezo wa shule, kwenye vile viti vya chuma vinavyobana mapaja, na Orrin Stannard mbele yetu na nyundo yake ya mbao. Umesahau mengi, ila naamini hujasahau kwamba katika mkutano wetu mtu haruhusiwi kumsemesha mwenzake. Kila neno hupitia kwa mwenyekiti. Wazee waliiweka sheria hiyo ili watu wasipigane. Matokeo yake ni kwamba watu hutukanana kwa kupitia kwa Orrin, naye huketi pale kama ukuta wa kutupia mpira. Asubuhi tuligombania kokoto za barabara na gari la kusukumia theluji mpaka sauti zikakauka. Ndipo Orrin akasoma kipengele cha saba, na watu wakaacha kufuma sweta.

Hollis alisimama akiwa amevaa tai. Sijamwona na tai tangu arusi yake. Alisema hana elimu ya kuhutubia, na baada ya hapo akahutubia kwa muda mrefu kuliko mchungaji. Alisema ameziona nchi nyingine kwa macho yake na hakuna inayofika kwenye kifundo cha mguu cha hii. Roland, ameziona mbili! Moja aliiona akiwa amelala kifudifudi kwenye tope lake huku akipigwa risasi, na ya pili ni hiyo yenu, ambako huenda kumnunulia mkewe Doreen dawa ya kuzuia damu isigande, kwa kuwa bei ya hapa inaweza kuigandisha damu kabla hajaimeza hiyo dawa.

Gaétan Lussier, yule mwenye ng'ombe wa maziwa kando ya daraja, hakuweza kujizuia. Akainuka akasema, “Mwenyekiti, mwulize Hollis: kama nchi haina mfano, mbona dawa ya Doreen anaifuata kwa Wakanada?”

Hollis hakugeuka hata kumtazama. “Mwenyekiti, mwambie Gaétan naifuata kwa sababu njia ipo wazi. Babu yake alipotoka huko kuja huku kutafuta kazi alisahau kuifunga. Na mwambie anitajie mtu mmoja tu wa mji huu aliyekwenda upande ule kutafuta maisha bora.”

Ukumbi ukacheka, viti vikalia. Kisha kicheko kikakatika katikati, maana wote walikumbuka kwa wakati mmoja kwamba mtu huyo yupo, na kwamba dada yake ameketi mstari wa tatu na mrija wa oksijeni puani. Hollis mwenyewe alikuwa wa mwisho kutambua alichosema. Masikio yake yaligeuka mekundu kama ya mvulana.

Gaétan, kwa kutaka kuokoa hali, akaleta marekebisho: maneno yawe “moja ya mataifa mazuri chini ya jua”. Verna Colburn, karani wa mji, ambaye kazi yake ni kuandika tu na kunyamaza, akainua kichwa akasema, “Mwenyekiti, mwambie Gaétan amwambie mkewe leo jioni kwamba yeye ni mmoja wa wanawake wazuri. Kama kesho atakuwa hai, atuletee jibu.” Marekebisho yakafa hapohapo kwa vicheko. Hata Orrin alificha mdomo nyuma ya nyundo.

Halafu akasimama Tamsin Reece. Humjui, amehamia kutoka New York miaka michache iliyopita, anafuga mbuzi na kutengeneza jibini iliyopakwa majivu, na kusema kweli jibini yake ni nzuri. Alisema neno lile ni tusi kwa waliokuwapo hapa kabla yetu na kwa waliofungwa minyororo ili sisi tule. Hadi hapo nilikuwa natikisa kichwa kwa kukubali. Lakini hakuishia hapo. Akasema kwamba katika historia yote ya binadamu halijapata kutokea taifa lililotenda uovu kama letu, kwamba mataifa mengine hukosea lakini sisi tulizaliwa na kosa, na kwamba kama jiwe litasimama liseme hivyo. Waliokaa karibu naye wakapiga makofi. Mtu wa nyuma akasema kwa sauti kwamba barabara ya kwenda New York bado ipo. Orrin akagonga nyundo, akatangaza chakula.

Unayakumbuka maharage ya wanawake wa kanisa? Ni yaleyale, na paja la nguruwe lilelile lenye chumvi ambayo daktari wangu angezimia kuiona. Nilijipanga foleni kwa miguu yangu mwenyewe, nikapata sahani, nikaketi, na Hollis akaja kuketi mbele yangu bila kukaribishwa. Mikono yangu hutetemeka siku hizi. Alichukua kisu chake akanikatia nyama vipande vidogo, kama anavyokatiwa mtoto, huku akiniambia, “Leo nakushinda, Mwalimu.” Nikamwambia ale kwanza, kwa maana kushindwa huku umeshiba huuma kidogo. Akacheka. Hakuomba radhi kwa alichosema, nami sikumdai.

Baada ya pai za matofaa niliomba kusema. Orrin alitaka nizungumze nikiwa nimeketi, nikakataa. Nilisimama, nikashikilia kiti cha mbele yangu, na nilikuwa na hasira, Roland, hasira ambayo sikuijua tangu nilipostaafu. Nikasema kwamba nimefundisha historia katika mji huu miaka thelathini na tisa, na nusu ya waliomo ukumbini niliwapa alama za chini kwa haki. Nikasema sikumbuki taifa hata moja nililolifundisha ambalo halikujiona halina mfano. Warumi walijiona hivyo. Wahispania walijiona hivyo huku wakipakia dhahabu ya watu, na walikuwa wakiimba zaburi wakati wa kupakia. Waingereza walipaka ramani ya dunia rangi nyekundu wakaiita rangi hiyo nuru. Wafaransa wanajiona hivyo mpaka leo kwa sababu ya mkate. Kitu kimoja ndicho cha kawaida kwa mataifa yote: kila moja huamini kwamba lenyewe si la kawaida.

Nikamwambia Orrin amwambie Hollis kwamba nchi ni kama mtu; anayesimama sokoni akitangaza kwamba hana mfano, wenzake humhurumia. Kisha nikamwambia Orrin amwambie binti Tamsin kwamba naye amechonga jiwe lilelile, ila amelipindua. Mmoja anasema hakuna wema kama sisi, mwingine anasema hakuna waovu kama sisi, na wote wawili hawavumilii kuambiwa kwamba sisi ni watu tu, wenye ng'ombe na madeni na makaburi kama watu wengine. Sikusema kwamba maovu hayakutendeka. Niliyafundisha maovu hayo wakati baba za watu waliomo ukumbini walipotaka nifukuzwe kazi kwa kuyafundisha. Nilisema kwamba hata katika dhambi tunataka kombe.

Wewe usicheke. Nilikuwa nakusema na wewe, ingawa hukuwapo. Wewe una jiwe la tatu. Kila barua yako ni hospitali zenu, adabu zenu, wanasiasa wenu wanaopanga foleni kama watu wengine. Nimekuja kwenu kila kiangazi nilipokuwa bado naweza kuendesha gari, na nimewaona majirani zako wakigombania maegesho kwa lugha mbili. Waulize wenyeji wa asili wa huko, ambao watoto wao walinyang'anywa mikononi mwa mama zao wakafungiwa katika shule za bweni, kama nchi yenu haina mfano. Wewe hukutoka katika nchi inayojisifu ukaingia katika nchi ya unyenyekevu. Ulihama kiti tu, Roland, ukaendelea kujisifu.

Nilipomaliza, walinipigia makofi, wengi kuliko nilivyotegemea. Nilijua nimeshinda. Nilikuona kabisa ukiegesha gari lako kwenye tope langu.

Ndipo Hollis akasimama tena. Hakuwa na hasira. Alimtazama Orrin, kwa kuwa ndiyo sheria, lakini sauti ilikuja kwangu moja kwa moja. Alisema, “Mwenyekiti, mwulize Mwalimu jambo moja. Kama sisi ni nchi kama nchi nyingine, na vita vyetu vilikuwa vita kama vya watu wengine, basi ndugu yake alikasirikia nini?”

Katika mkutano wa mji huu jina lako halijatajwa tangu Baba aliposimama mbele ya watu, mwaka ule, akasema ana mtoto mmoja tu na ni wa kike. Orrin aliniuliza kwa upole kama ningependa kujibu. Nikaketi. Mimi, niliyekuwa na jibu kwa kila mvulana aliyewahi kuinua mkono, niliketi.

Wakapiga kura kwa sauti. Ndiyo ikanguruma, siyo ikanguruma, na Orrin akasema masikio yake hayawezi kuhukumu. Akaamuru tugawanyike kama ilivyo desturi: wanaolikubali jiwe waende upande wa ubao wa matokeo, wanaolikataa waende upande wa jikoni. Viti vikaburutwa, watu wakavuka huku na huku, mume akaachana na mke, na Gaétan, kwa mshangao wangu, akaenda upande wa Hollis. Tamsin alinijia akanipa mkono wake niushike. Nikamwambia miguu yangu imekataa. Aliniinamia, akaniuliza kama aniletee maji, na Verna akampigia kelele kutoka mezani, “Mwache Mwalimu apumzike, mtoto wee, humwoni alivyochoka?” Basi wakaniacha. Nilibaki peke yangu katikati ya ukumbi, viti vitupu kila upande, na Orrin akahesabu kwa kuelekeza kidole.

Jiwe lilipita kwa kura moja. Sheria yetu ni kwamba kura zikilingana, hoja hufa. Naamini hesabu hiyo unaweza kuifanya mwenyewe.

Hollis ndiye aliyenirudisha nyumbani kwa pikapu. Nilitarajia ashangilie, lakini aliendesha akikwepa mashimo kwa ajili yangu. Miti yote barabarani ilikuwa imetobolewa kwa ajili ya utomvu, na mvuke ulikuwa unatoka katika vibanda vya kuchemshia asali ya miti. Tulipofika darajani aliuliza, “Atakuja?” Nikajifanya sielewi, nikamuuliza nani. Akasema, “Mwalimu, mimi na wewe ni wazee mno kwa mchezo huo.” Nikamwambia umesema hutakuja jiwe likisimama. Alipozima gari mlangoni pangu alisema, akiwa ameushika usukani kama mtu anayeogopa kuanguka, kwamba kwa muda wote huu watu walidhani anakuona mwoga. Akasema, “Angekuwa mwoga ningemsamehe zamani. Mwoga anasameheka. Yule alikuwa jasiri kuliko mimi, akaupeleka ujasiri wake kwa watu wengine.” Kisha akazunguka kwa shida na goti lake akanifungulia mlango, akanikemea kwa kuvaa viatu vya kitambaa katika theluji.

Sasa nimefika pale ninapokuogopa.

Miguu yangu haikukataa, Roland. Siku ile ilikuwa na nguvu kuliko siku nyingi. Nilimdanganya Tamsin, na mji mzima ukanihurumia kwa uongo huo, na Jumapili mchungaji akaniombea miguu. Nilibaki kitini kwa hiari yangu. Nilijua kura zimekaribiana. Nimehudhuria mikutano hii tangu nilipopata haki ya kupiga kura, na ninaweza kuhesabu watu ukumbini kama ninavyohesabu wanafunzi. Nilijua kwamba nikivuka kwenda upande wa jikoni, jiwe litaanguka na wewe utakuja. Nilikutaka uje kuliko ninavyotaka pumzi. Na sikuvuka.

Sikuvuka kwa sababu nilikuwa nimelijibu swali la Hollis moyoni, na jibu likanikalisha. Nilisimama mbele ya mji nikasema sisi ni watu kama watu wengine. Ni maneno mazuri, na historia yote inayaunga mkono, na mimi siyaamini. Nimeyafundisha maisha yangu yote na sijawahi kuyaamini hata siku moja. Kama ningeyaamini, hasira hii ningeitoa wapi? Nikisoma kwamba taifa fulani la mbali limewatenga watoto na mama zao mpakani, au limewaacha wagonjwa wake wachague kati ya dawa na chakula, nasikitika, nakunja gazeti, nakunywa chai yangu. Likifanya taifa hili, silali. Nazunguka nyumbani na fimbo nikigombana na kuta. Mtoto wa jirani akiiba, unatikisa kichwa. Akiiba wako, aibu inakuingia mpaka kwenye mifupa, kwa sababu ulikuwa umejiambia kimyakimya, bila ushahidi wowote, kwamba wako hataiba. Hiyo ndiyo imani yangu. Ni imani ya kijinga, nimeishi nikiicheka mbele ya watoto wa wenzangu, na nitakufa nayo.

Wala sikuweza kwenda upande wa Hollis, maana jiwe lake linasema jambo hilo kana kwamba limekwisha kutendeka. Halijatendeka. Lilikuwa ahadi, na kuichonga ahadi kwenye jiwe kana kwamba imelipwa ni wizi. Kwa hiyo sikuwa na upande. Nilikaa katikati kama mzigo uliosahauliwa, na kwa kukaa kwangu nimekisimamisha kitu kile ulichoniambia kitakuzuia. Sikuomba unisamehe ulipokuwa mbali miaka yote hii. Sasa naomba, kwa kuwa ni mimi, si Hollis, niliyelisimamisha.

Lakini ukimaliza kunikasirikia, jiulize na wewe swali lile. Uliikasirikia nini? Mataifa yote yanapigana vita vya kipumbavu, na vijana wao wengi hujificha, hurudi, huoa, husahau. Wewe hukusahau. Hujanunua hata petroli upande huu. Nani hukaa nje ya nyumba miaka hamsini na minane kwa sababu ya nyumba asiyoitarajia chochote? Wewe ni muumini mkubwa kuliko Hollis. Nakuambia hivi mimi niliyekubeba mgongoni, na kama unaona nimekutukana, njoo unijibu usoni.

Sikuwekei sharti, maana masharti yametutosha. Nakuambia tu mambo yalivyo. Ardhi yetu bado ni ngumu kama chuma, na unajua kwamba hatuchimbi makaburi mpaka Mei. Nikienda kabla ya hapo, wataniweka katika ile nyumba ya mawe iliyo mlangoni mwa makaburi, pamoja na wengine wa msimu huu, tungoje udongo ulainike. Kwa hiyo usije ukaniambia, wala kuwaambia wanao, kwamba ulichelewa. Ukinikuta nina pumzi, tutagombana juu ya chai. Ukinikuta kwenye nyumba ya mawe, gombana peke yako. Nitakusikiliza kuliko nilivyowahi. Hollis amesema jiwe litasimamishwa Julai, lakini hata likiwa limesimama, uwanja ni mpana, na hakuna sheria ya mji inayomlazimisha mtu kusoma.

Nisalimie Odile na umwambie nilimpenda tangu siku ile aliponiambia sijui kupika. Wabusu wajukuu. Doreen anakusalimu, aliniomba nikuandikie hivyo bila Hollis kujua, na Hollis aliniomba nisikuandikie chochote, ambacho kwake ni salamu ndefu.

Mgeni hakasirikii paa linalovuja. Husogeza kiti, hungoja mvua ikatike, hushukuru na kwenda zake. Wewe umelikasirikia paa hili umri wako wote. Basi acha kujiita mgeni, mdogo wangu. Njoo ukasirikie ndani.

Ni mimi dada yako, ambaye bado yupo,

Muriel Thayer